Bajeti ya Kerala na pensheni ya mama mkwe: nani hulipwa kwanza, nani hungojeshwa?

"Mimi ni Mzanzibari, naishi Muscat na bwana wangu ambaye ni Mmalayali wa Kozhikode, jimbo la Kerala, India. Mama yake ni mjane wa miaka 71, anapokea pensheni ya serikali ya jimbo lao. Ilikuwa rupia 1,600 kwa mwezi, na tangu Novemba 2025 ni 2,000. Kila bajeti ya Kerala inaposomwa, shemeji zangu hawalali kwa kubishana: mmoja asema jimbo limefilisika, mwengine asema Delhi, yaani serikali kuu, ndiyo inayowabana, na wote hunitumia kurasa za kitabu cha bajeti nisizozielewa. Ninachotaka kujua ni hiki. Pensheni ya mama ni ya kutegemewa, au tujitayarishe kumbeba sisi? Na bwana wangu anataka kuingiza akiba yetu kwenye chitty (upatu) ya shirika la serikali na amana za hazina ya jimbo. Ni busara? Hicho kitabu chenyewe nikisome vipi?"

Dada yangu, nimelisoma swali lako mara mbili, na naona roho yako haiko kwenye bajeti. Iko kwa mama wa miaka 71 anayepanga dawa na mchele kwa rupia 2,000, na kwa akiba mliyoitolea jasho nyinyi wawili. Basi nianzie hapo. Pensheni ya mama haielekei kufutwa, kwa sababu Kerala hakuna muungano wa vyama, uwe LDF au UDF, utakaothubutu kuigusa. Kinachoweza kuipata ni kuchelewa, na dalili za kuchelewa huonekana mapema kwa anayejua pa kutazama. Kuhusu akiba, kiasi ndiyo, yote hapana. Ili uone kwa nini nasema hivyo, inabidi tukifungue hicho kitabu pamoja.

Nitatumia bajeti ya mwaka 2025/26, aliyoisoma Waziri wa Fedha K. N. Balagopal mjini Thiruvananthapuram tarehe 7 Februari 2025. Nimeichagua kwa sababu ndani ya mwaka huo ndimo pensheni ya mama ilipopandishwa, na namna ilivyopandishwa ina funzo lake. Kumbuka kwamba mwaka wa fedha wa India huanza 1 Aprili na kwisha 31 Machi, sio Julai hadi Juni kama kwetu.

Kabla ya yote, tarakimu. Ukiona 1,52,352 usidhani mkato umewekwa vibaya. Wahindi huhesabu kwa laki na krore. Laki unaijua, ni ile ile ya Darajani na Kariakoo, neno lililovuka bahari pamoja na bidhaa: 100,000. Krore ni laki 100, yaani milioni 10. Kwa Kimalayalam krore huitwa "kodi". Kwa hiyo shemeji zako wanapozozana juu ya "kodi" elfu kadhaa, wewe unasikia ushuru wa serikali, kumbe wao wanataja mabilioni. Weka hilo sawa, na nusu ya ukungu utaondoka.

Sasa namba zenyewe. Kwa mwaka huo Kerala ilikadiria kupata mapato ya kawaida ya rupia krore 1,52,352, yaani kiasi cha trilioni 1.52. Matumizi ya kawaida, yale ya mishahara, riba, dawa za hospitali, ruzuku na pensheni, yalikadiriwa krore 1,79,476. Toa moja kwenye nyingine: zinapungua krore 27,125 hivi. Hiyo huitwa nakisi ya mapato. Lakini serikali haiishi kwa matumizi ya kawaida tu. Inajenga barabara, inanunua mashine, inakopesha mashirika yake. Ukiweka na hayo, jumla ya pengo inafika krore 45,039, sawa na asilimia 3.16 ya pato la jimbo. Hiyo ndiyo nakisi ya jumla, na takriban yote huzibwa kwa mkopo.

Chukua kalamu, dada. Gawanya 27,125 kwa 45,039. Utapata kama asilimia 60. Maana yake, katika kila rupia 100 ambazo Kerala ilipanga kukopa, 60 zilikuwa za kula na 40 za kujenga. Majimbo yote ya India hukopa. Tofauti iko kwenye wanachokopea. Odisha, kwa mfano, kwa miaka mingi imekuwa na ziada kwenye mapato ya kawaida, ikisaidiwa na mrabaha wa madini yake, kwa hiyo ikikopa inakopa ili ijenge. Kerala hukopa pia ili ifikishe mwisho wa mwezi.

Hapa lakini nakuomba usikimbilie kulaani. Kwenye vitabu vya hesabu, jengo la shule ni rasilimali na mshahara wa mwalimu ni matumizi ya kawaida. Zahanati ni rasilimali, nesi ni matumizi. Kerala iliamua tangu zamani kuweka fedha zake kwa walimu na manesi, na matunda yake yako nyumbani kwako: bwanako kasoma, kapata kazi ng'ambo. Uamuzi ule mimi nauheshimu. Lakini riba haiulizi kama mkopo ulimlipa nesi au fundi mwashi, na mshahara wa mwaka jana uliolipwa kwa mkopo unaendelea kudai riba mwaka huu.

Sasa nikueleze jambo ambalo hotuba ya waziri, kwa saa mbili zake, huwa hailisemi waziwazi. Fedha ya serikali hutoka kwa foleni. Watu hubishana kuhusu ukubwa wa bajeti, na mimi kila siku nawaambia watazame foleni: nani amesimama mbele, nani amesimama nyuma, na fedha ikikatika katikati ya mwezi imeishia kwa nani.

Mbele kabisa amesimama mdai. Katiba ya India, ibara ya 202, inasema malipo ya deni la jimbo yanatozwa moja kwa moja kwenye mfuko mkuu wa serikali. Bunge la jimbo linaweza kuyajadili, lakini haliyapigii kura. Tena hatifungani za jimbo, yaani hati za mikopo yake, husimamiwa na Benki Kuu ya India, ambayo ndiyo inayoshika akaunti ya jimbo. Siku ya malipo ikifika, benki hiyo hukata chake. Nyuma ya mdai wako watumishi wa serikali na mishahara yao. Wanafuata wastaafu waliokuwa watumishi. Makundi hayo matatu, riba, mishahara na pensheni za watumishi, hula zaidi ya nusu ya mapato ya Kerala kabla waziri hajaamua lolote jipya. Baada yao ndio wanakuja wengine wote: wakandarasi, halmashauri, miradi, ruzuku ya mpunga, na mama mkwe wako.

Ndiyo maana namjibu hivi shemeji anayesema jimbo limefilisika: sivyo. Jimbo la India halifilisiki kama duka. Mwenye hatifungani analipwa siku yake. Ila jimbo linaweza kuwa na ukata mkali, na ukata huo haumwangukii mdai. Unamwangukia aliye mwisho wa foleni. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, wazee wa Kerala walikaa miezi kadhaa bila pensheni zao, na malimbikizo yakaja kulipwa baadaye kidogo kidogo. Riba ya hatifungani haikuchelewa hata siku moja. Na kesi ilipofika mahakamani mwaka 2024, serikali ya jimbo ilijieleza kwamba pensheni hii ni msaada, wala sio haki ya kisheria ya mtu. Maneno hayo yaliniuma, lakini ndiyo yanayokuonyesha mama amesimama wapi.

Kwa hiyo usichanganye pensheni mbili zenye jina moja. Kitabu cha bajeti kinazitenganisha kwa namba, na namba hizi ukizishika hutapotea tena, maana ni zile zile India nzima. Kila fungu kuu lina tarakimu nne. Likianza na 0 au 1, ni mapato. Likianza na 2 au 3, ni matumizi ya kawaida. 4 au 5 ni matumizi ya ujenzi na rasilimali. 6 au 7 ni mikopo. 8 ni fedha za dharura na zile ambazo serikali imewekewa tu na watu. Fungu 2071 ni pensheni za waliokuwa watumishi wa serikali. Fungu 2235 ni ustawi na hifadhi ya jamii, na humo ndimo ilimo "kshema pension" ya mama. Shemeji akikutumia ukurasa wa 2071 na kusema "tazama pensheni zinavyoongezeka", mjibu kwa upole kwamba huo ni ukurasa wa makarani na maofisa; mama yuko kwingine. Ukitaka riba, tafuta 2049. Elimu ni 2202. Afya ni 2210, na majengo ya afya ni 4210, kwa sababu yanaanza na 4.

Kila ukurasa una safu kadhaa za namba, na hapo ndipo wengi huteleza. Safu ya kwanza kushoto ni hesabu halisi, lakini ni za miaka miwili nyuma: katika kitabu cha 2025/26, hesabu halisi ni za 2023/24. Inafuata bajeti ya mwaka unaokwisha, kisha makadirio yake yaliyorekebishwa, na mwisho kabisa kulia ni bajeti ya mwaka ujao, ile inayotangazwa na magazeti. Safu ya kulia ni ahadi. Ya kushoto ndiyo iliyotokea. Mimi nikipewa kitabu cha bajeti naanza kushoto. Nachukua fungu moja, natazama miaka miwili nyuma lilitengewa kiasi gani kwenye kitabu cha wakati ule, halafu natazama lilitumia kiasi gani kweli. Fungu ambalo kila mwaka hutengewa 100 na kutumia 60 ni fungu la nyuma ya foleni, hata waziri alitaje kwa sauti kubwa namna gani.

Turudi kwa mama, tufanye hesabu yake. Wanaopokea pensheni hizi za ustawi Kerala ni watu wapatao laki 60, yaani milioni 6. Kwa rupia 2,000 kila mmoja, ni krore 1,200 kila mwezi, krore 14,400 kwa mwaka. Linganisha na mapato ya krore 1,52,352: ni kama rupia tisa na nusu katika kila 100. Si fedha ndogo, lakini pia si mzigo unaoangusha jimbo peke yake. Delhi inachangia kidogo sana. Mpango wa serikali kuu wa wazee maskini hutoa rupia 200 kwa mwezi kwa mwenye miaka 60 hadi 79, na 500 kwa wa 80 na zaidi, tena kwa wale tu waliomo kwenye orodha ya mafukara. Zilizobaki zote ni za jimbo.

Na nyongeza ya rupia 400? Ni krore 240 kila mwezi. Sasa sikiliza: bajeti iliyosomwa Februari 2025 haikuwa na nyongeza hiyo, na wengi walimlaumu waziri kwa hilo. Ilitangazwa mwishoni mwa Oktoba 2025, mwaka wa fedha ukiwa umepita katikati. Inawezekana, kwa sababu katiba hiyo hiyo, ibara ya 205, inaruhusu serikali kurudi bungeni kuomba makadirio ya nyongeza. Ndiyo maana nakwambia kitabu cha Februari si neno la mwisho. Lakini pia jiulize kama mwenye duka: matumizi yameongezeka katikati ya mwaka, je, mapato yameongezeka? Kama hayakuongezeka, krore 240 za kila mwezi zimetoka kwenye foleni ya mtu mwingine, au kwenye mkopo.

Na mkopo ndipo anapoingia shemeji wa pili, anayesema Delhi inawabana. Ana ukweli, ingawa hana ukweli wote.

Ibara ya 293 inasema jimbo lenye deni la serikali kuu haliwezi kukopa bila idhini yake, na majimbo yana madeni ya namna hiyo. Delhi kwa hiyo huweka ukomo wa mwaka, kwa kawaida asilimia 3 ya pato la jimbo, na kwa miaka kadhaa kuanzia 2021/22 iliongeza nusu asilimia kwa jimbo lililorekebisha sekta yake ya umeme. Idhini hutolewa kwa vipande: cha Aprili hadi Desemba, na cha Januari hadi Machi. Angalia jinsi hili linavyogusa mlango wa mama. Desemba ikikaribia, kipande cha kwanza kimeisha au kinakwisha, na hazina ya jimbo hufunga mfereji: bili yoyote inayozidi laki kadhaa haitoki bila kibali maalumu. Kwa hiyo miezi ya kuiangalia kwa makini ni kuanzia Novemba hadi Machi. Kinyume chake, karibu na sikukuu ya Onam, Agosti au Septemba, serikali mara nyingi hujitahidi kutoa awamu mbili kwa pamoja ili wazee wapate kusherehekea.

Ugomvi mkubwa ulikuja kwa mikopo ya pembeni. Kerala ina chombo kinachoitwa KIIFB, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1999 na kupewa nguvu mpya mwaka 2016, kinachokopa nje ya bajeti kwa ajili ya barabara, madaraja, shule na hospitali. Mwaka 2019 kiliuza hatifungani za rupia kwenye soko la hisa la London, krore 2,150 kwa riba ya asilimia 9.723. Kulipa madeni yake kinapewa tozo ya mafuta ya magari na sehemu ya kodi ya vyombo vya moto. Mwaka 2018 ikaundwa pia kampuni maalumu ya kukopa kwa ajili ya pensheni za ustawi zenyewe, na wakopeshaji wake wakubwa ni vyama vya ushirika vya akiba na mikopo. Yule kijana wa ushirika anayewapelekea baadhi ya wazee noti zao mlangoni, huenda chama chake ndicho kilichoikopesha serikali fedha hizo.

Delhi ikasema: deni ni deni, hata likivaa kanzu ya kampuni. Ikaanza kuhesabu mikopo hiyo ndani ya ukomo wa Kerala, na nafasi ya kukopa ikapungua ghafla. Kerala ikaishtaki serikali kuu kwenye Mahakama ya Juu mnamo Desemba 2023. Tarehe 1 Aprili 2024 mahakama ilikataa kutoa nafuu ya muda, na ikalipeleka suala kwa jopo la majaji watano wa katiba. Wakenya wanaosoma hapa watalitambua jambo hili haraka, maana kaunti zao nazo haziwezi kukopa bila dhamana ya serikali ya taifa.

Malalamiko mengine ni mgao wa kodi. Kodi ya mapato hukusanywa na Delhi, kisha asilimia 41 ya fungu la kugawana hupewa majimbo. Tume ya Fedha ndiyo inayopanga kila jimbo lipate ngapi. Katika mgao wa Tume ya 14, Kerala ilipata rupia 2.5 katika kila 100. Tume ya 15, iliyopanga mgao hadi Machi 2026, ikaishusha hadi 1.925. Sababu ilikuwa kwenye kanuni yake: asilimia 45 ya alama zilitolewa kwa kuangalia jimbo liko mbali kiasi gani na majimbo tajiri, na 15 kwa idadi ya watu ya sensa ya 2011. Kerala ina kipato kizuri kwa kila mtu, na ilidhibiti uzazi mapema, kwa hiyo ilipoteza kote kuwili, ijapokuwa kulikuwa na alama 12.5 za kuyafidia majimbo yaliyopunguza uzazi. Wamalayali wanaona wameadhibiwa kwa kufanya vizuri. Nikiwa Bihar, jimbo maskini, ningesema mtoto wa Patna, mji wa huko, anahitaji darasa kuliko wa Kozhikode. Wote wawili wana hoja, na mimi naelemea kwa mtoto wa Patna, ila naona kushuka kulikuwa kwa kasi mno. Tena Delhi imezidi kutoza tozo maalumu ambazo haziingii kwenye fungu la kugawana, na hapo majimbo yote, maskini na tajiri, yanapunjwa.

Lakini hata Delhi ikilegeza kamba, ile 60 katika 100 inabaki. Nakisi ya mapato ya Kerala ni ya miongo, haikuanza na serikali hii wala na ukomo huu. Na kuna kitu watu wa Ghuba hukosea sana: wanadhani mamilioni wanayotuma nyumbani yanaingia serikalini. Hayaingii. Fedha ya bwanako inakwenda kwa mama, na serikali ya jimbo inapata kitu pale tu mama anaponunua sabuni, anapojenga chumba, gari linapotiwa mafuta. Tangu 1 Aprili 2023 kila lita ya petroli na dizeli Kerala ina rupia 2 zaidi kwa ajili ya mfuko wa hifadhi ya jamii. Kwa hiyo shemeji mwenye pikipiki, kila akijaza tangi, anamchangia mama yake bila kujua.

Akiba yenu sasa. Bwanako ametaja vitu viwili vinavyofanana kwa jina la serikali tu.

Chitty ya KSFE, shirika la serikali la Thrissur lililoanzishwa 1969, ni upatu. Mnachanga kila mwezi kwa muda uliowekwa, na kila mwezi chungu hupigwa mnada baina yenu: anayekubali kupunguziwa zaidi ndiye anayekichukua, na kile alichosamehe hugawiwa wanachama. Kwa hiyo anayehitaji fedha mapema anaipata kwa gharama, na anayesubiri mwisho anavuna. Ipo ya watu wa ng'ambo, Pravasi Chitty, na sehemu ya fedha zake huelekezwa kwenye hatifungani za KIIFB. Ni chombo kizuri kwa mwenye lengo, kama nyumba au harusi, na nidhamu ya kuchanga. Kwa mtu wa mkataba wa kazi unaoweza kukatika Muscat, ujue kwamba kukosa michango katikati kuna adhabu.

Amana ya hazina ni kitu kingine. Kerala ina utaratibu wa wananchi kuweka fedha kwenye hazina ya jimbo kama benki. Fedha hizo zinaingia kwenye zile hesabu zinazoanza na 8: kisheria ni zenu, serikali ni mtunzaji. Kiuhalisia serikali inazitumia kuzungushia mwezi wakati wa ukata. Sijawahi kuona sababu ya kuamini kwamba zitapotea. Ila ukizihitaji nyingi kwa ghafla mwezi Machi, hazina ikiwa imefunga mfereji, jitayarishe kusubiri.

Tatizo langu na mpango wa bwanako ni moja. Pensheni ya mama iko kwa serikali hii. Mkiweka na akiba yote kwa serikali hii, basi mwezi ule mama atakapokosa, ndio mwezi ule ule fedha ya kumsaidia huenda nayo ikawa inangojea kwenye dirisha lile lile. Kwa hiyo ningefanya hivi: akiba ya dharura, tuseme gharama za mama za miezi sita, ikae kwenye akaunti ya benki ya kawaida ya Wahindi wa ng'ambo, ile ya NRE. Amana za benki India zina bima ya hadi laki 5 kwa kila mteja katika kila benki, na riba ya NRE haitozwi kodi ya mapato huko. Chitty ichukue kiasi mnachoweza kuchanga hata mwezi mbaya. Hazina ichukue kidogo, kama bwanako anapenda kulisaidia jimbo lake, na hilo ni jambo la heshima.

Kuna mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kuyamaliza. Wewe si raia wa India, na sheria za fedha za kigeni zinabagua baina ya jina la bwanako na lako, kwa hiyo kabla hamjaandika jina lolote la pamoja, au kumrithisha mwenzio, kaeni na mhasibu aliyesajiliwa, ana kwa ana, na pasipoti zenu mezani. Hilo la urithi hasa msilifanye kwa simu. Na kabla ya amana ya hazina, bwanako akiwa likizo aende mwenyewe kwenye ofisi ya hazina ndogo ya kwao, aulize masharti ya mtu anayeishi nje.

Upande wa mama, pensheni nyingi hukatika kwa makaratasi hata pasipokuwa na ukata. Serikali ikitangaza uhakiki, kila mpokeaji huthibitisha alama za vidole kwenye kituo cha Akshaya, yaani kituo cha huduma za serikali, na mzee asiyeweza kutoka huomba afuatwe nyumbani. Kuna pia sharti kwamba kipato cha familia kisizidi laki 1 kwa mwaka. Kwa kuwa wanawe wako Ghuba, mwende ofisi ya panchayat (halmashauri ya kijiji) au ya jiji mkaulize bayana mnahesabiwaje, kuliko kuja kudaiwa kurudisha. Hali ya malipo yake ataiona kwenye mfumo wa Sevana kwa namba yake ya pensheni. Miezi ikipita bila malipo na bila jibu, mama ana silaha yake kama raia: sheria ya haki ya kupata habari ya 2005. Anaandika barua moja, analipa rupia 10, na ofisi inatakiwa imjibu ndani ya siku 30. Aulize maswali mawili tu: jina langu limo kwenye orodha ya malipo ya mwezi fulani, na kama halimo, limetolewa na nani na kwa sababu gani. Shemeji yule mwenye kupenda kukutumia kurasa, mwambie amwandikie hiyo barua.